Somo la viumbe vamizi lianzie kwenye kihenge

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi gazetini mwako niseme na waandishi wa vitabu vya sayansi vya shule ya msingi, hususan Taasisi ya Elimu Tanzania. Somo la viumbe vamizi lisiishie kwenye magugu maji ya Ziwa Victoria. Watoto wengi wa Chamwino na Kongwa hawajaliona ziwa hilo, lakini mdudu aitwaye dumuzi wanamfahamu. Ndiye anayeyafanya mahindi ya kwenye kihenge kuwa vumbi kabla hayajafika mashineni.

Dumuzi asili yake ni Mexico na Amerika ya Kati. Hapa nchini alibainika Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, kisha akasambaa na magunia ya nafaka. Mahindi nayo yalitoka Amerika, karanga na mihogo vilevile, wala hatuyaiti vamizi. Hapo ndipo mwalimu akae na watoto bila haraka. Mmea mgeni unaobaki pale ulipopandwa hauna ugomvi na mtu. Kiumbe mgeni anayezaliana bila adui wa kumpunguza, akamaliza chakula cha wenyeji, huyo ndiye vamizi. Mtoto asipoelewa tofauti hiyo, atakariri majina ya kujibia mtihani tu.

Kitabu kimwelekeze mwanafunzi alete hindi lililotobolewa, alikung'ute juu ya karatasi nyeupe na kutazama. Fukusi, mdudu mwingine wa nafaka, ana mdomo mrefu uliochongoka. Dumuzi ni kama kipande kifupi cha kijiti, na kichwa kimeinamia chini ya kifua hata ukimtazama kwa juu hukioni. Shambani, afunue majani machanga ya katikati ya mhindi. Kiwavijeshi vamizi, aliyeripotiwa Afrika mwaka 2016 na kwetu 2017, ana alama ya Y iliyopinduliwa usoni na madoa manne yaliyopangika mraba karibu na mkia. Kiwavijeshi tuliyemzoea hutembea kwa makundi. Huyu vamizi hujificha ndani ya majani hayo, ndiyo maana dawa nyingi humwagwa bure. Kazi yote hiyo haihitaji maabara, na kwa shule zetu za vijijini hilo ni jambo kubwa.

Picha ziwe za rangi, kubwa. Na ratiba ifuate msimu wetu: viwavijeshi wafundishwe muhula wa kwanza, mahindi yakiwa bado mabichi shambani, na dumuzi asubiri muhula wa pili, mavuno yakishaingia ndani.

Mzazi na mkulima,
Chamwino, Dodoma