Mdogo wangu hujibu "ndiyo" kwa kila swali

Ndugu Mhariri,

Mdogo wangu ana miaka 34. Ana ulemavu wa akili tangu kuzaliwa, na huu ni mwaka wa sita anaishi na kisukari. Kila tukifika kliniki huulizwa maswali yaleyale. "Unakunywa dawa vizuri?" Ndiyo. "Unajisikiaje, vizuri?" Ndiyo. Yanaandikwa kwenye daftari, tunapewa dozi ya mwezi, anaitwa mwingine.

Ndiyo hiyo nusura ituondolee mtu. Ukimuuliza kama amekula, ndiyo; ukigeuza ukamuuliza kama hajala, ndiyo pia. Wala si mwongo. Amekua akigombezwa kila akisema hapana, akajifunza kwamba ndiyo humaliza maneno.

Asubuhi moja mwaka jana mama alimpa vidonge vyake, metformini na glibenklamidi, akamwekea chai na chapati uani. Alipomuuliza kama amemaliza, akasema ndiyo. Chapati tulikuja kuzikuta kwenye banda la kuku. Ilipofika saa nne akaanza kurusha vyombo, akamsukuma mama, shati limelowa jasho utadhani katoka mvuani. Majirani wakaja na kamba. Mmoja akasema leo yamempanda, aitwe mtu wa kumwombea. Nilipofika na kipimo cha sukari kikasoma 2.4, yaani sukari imeshuka mno. Nikakoroga vijiko vinne vya sukari kwenye maji, nikamnywesha taratibu. Baada ya robo saa ilikuwa 4.6, naye anaulizia chapati.

Glibenklamidi hulisukuma kongosho litoe insulini, ambayo hushusha sukari ya damu, umekula hujala, na nguvu yake hukaa mwilini saa nyingi. Siku ile hatukumwacha peke yake hadi usiku. Orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani inasema kidonge hiki hakiwafai watu wenye zaidi ya miaka 60. Nauliza kwa uchungu: mtu asiyeweza kusema "natetemeka, nasikia kizunguzungu" hastahili tahadhari hiyohiyo? Sisi tulibadilishiwa dawa, lakini baada ya tukio, na kwa sababu niling'ang'ania.

Linaloniumiza zaidi ni wale ambao hakuna aliyewapima. Sukari imeshuka, watu wanaona ukorofi. Wanafungwa kamba, au wanapelekwa kuandikiwa dawa za kutuliza, na baadhi ya hizo, kama olanzapini, huongeza uzito na kupandisha sukari. Tafadhali, anayeishi na mtu wa namna hii akiona tabia imebadilika ghafla, achukue kipimo kabla ya jambo lingine lolote.

Kwa wahudumu wa kliniki ombi langu ni dogo. Acheni kuuliza, semeni "nionyeshe". Semeni naye, si na mimi niliyesimama nyuma yake. Muda mnaotumia kumuuliza unatosha kumwambia afungue boksi lake la dawa. Nchi yetu iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na ibara ya 25 inazungumzia afya yao. Sidhani ibara hiyo inatekelezwa kwa mgonjwa kuitikia ndiyo mbili na kuondoka.

Nyumbani sasa sahani hutangulia. Akiileta tupu kwa mama, ndipo anafungua chumba cha siku hiyo kwenye boksi na kumeza kidonge mbele yake. Kidole cha kupimia sukari anajitoboa mwenyewe, na hataki mtu amguse.

Mwezi uliopita tulimkuta nesi mgeni. Alivuta kiti, akakaa usawa wake, akamwambia, "Kaka, hebu nionyeshe dawa zako." Mdogo wangu akatoa boksi kwenye mfuko wa shati, akalifungua, akaweka kidole kwenye chumba cha Alhamisi. Kidonge bado kilikuwemo. Nyumbani hakuna aliyekuwa amejua.

Dada mlezi,
Morogoro