Miaka 50 ya Mbaraka Mwinshehe inakaribia kuisha

Ndugu Mhariri,

Naomba unipatie nafasi katika gazeti lako nizungumzie nyimbo za marehemu Mbaraka Mwinshehe Mwaruka, hasa namna tunavyozitumia huku Tabora na, naamini, kwingineko nchini.

Jumapili mchana ukifungua redio huku utasikia zilipendwa. Ukipita kwenye baa za Ng'ambo na Isevya, ukialikwa harusini, ukipanda basi la Nzega au la Urambo, ni sauti ile ile na gitaa lile lile. Wimbo ukiisha mtangazaji anasifu ya kale, anaingiza matangazo ya biashara, na jina la mtunzi halitajwi. Vijana wa stendi wanaojaza nyimbo kwenye fleshi na memori kadi huziandika "Zilipendwa 1", "Zilipendwa 2", hivyo hivyo mpaka mwisho. Nilimuuliza mmoja wao wimbo uliokuwa unalia pale ni wa nani, akasema ni wa wazee wa zamani. Simlaumu, maana redio anayoisikiliza nayo haimwambii.

Huyo "mzee wa zamani" alifariki akiwa na miaka 34.

Mbaraka alizaliwa mwaka 1944 Mzenga, Kisarawe. Akiwa kijana mdogo alijiunga na bendi ya Morogoro Jazz, na haikuchukua muda akawa ndiye mpiga gitaa la solo, mwimbaji na mtunzi wao mkuu. Mwaka 1970 alikuwa kwenye msafara wa Tanzania uliokwenda Osaka, Japani, kwenye maonyesho makubwa ya dunia ya Expo 70. Mwaka 1973 akaondoka na kuunda bendi yake, Super Volcano. Januari 1979 akapata ajali ya gari Mombasa, na safari yake ikaishia huko. Ukihesabu tangu aanze muziki wa bendi hadi afariki, ni kama miaka 15 tu ya kazi, na tumeila kazi hiyo kwa zaidi ya miaka 40.

Wanaozisikia nyimbo hizi sasa hivi wanazisikia nusu. Baba yangu mdogo alikuwa mfanyakazi wa reli hapa Tabora stesheni, na santuri zilimfikia kwa treni. Zilikuwa zinafyatuliwa Nairobi, kwa sababu kwetu hapakuwa na kiwanda. Wimbo mmoja wa Mbaraka ulijaza santuri nzima. Upande wa kwanza ulikuwa wa hadithi, anaisimulia taratibu bila haraka, na waitikiaji nyuma yake. Baba mdogo alikuwa anaigeuza kwa ncha za vidole, anapuliza vumbi, anaishusha sindano, na hapo upande wa pili gitaa linaanza kupanda. Hapo ndipo watu walipoinuka kwenye viti. Redio za leo zinakata pale pale hadithi inapokwisha. Na katikati ya santuri, chini ya jina la wimbo, jina la mtunzi lilichapishwa kwa herufi ndogo. Sisi watoto tulijifunza kusoma kwenye karatasi ile.

Alikuwa pia mwandishi wa habari za wakati wake. Mkuu wa Mkoa wa Iringa, Dk. Wilbert Kleruu, alipouawa Desemba 1971, Mbaraka alimtungia wimbo, na wako watu waliolijua tukio lile kwa kuimbiwa. "Jogoo la Shamba" nao umetoka kwenye methali anayoijua kila mtu, lakini kwake imekuwa kisa cha watu na wasikilizaji wakaona ni wao wanaosemwa. Kwa maoni yangu hicho ndicho kipaji chake kikubwa, kuliko hata gitaa, ingawa najua wapenzi wa gitaa hawatakubaliana nami.

Sasa nifike kwenye lililonifanya niandike. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda kazi ya mtunzi maisha yake yote, na miaka 50 baada ya kifo chake. Mbaraka alifariki 1979. Maana yake ni kwamba mwaka 2029 kinga hiyo inafika ukingoni, na baada ya hapo yeyote atazitumia atakavyo bila kudaiwa chochote na warithi. Jirani yake na mshindani wa bendi yake pale Morogoro, Salum Abdallah wa Cuban Marimba, naye aliyekufa kwa ajali ya gari mwaka 1965, miaka yake 50 ilimalizika 2015. Sikusikia mtu yeyote akilizungumza.

Naomba wasomaji walitazame hili vizuri. Kama Mbaraka angeishi mpaka miaka 80, angefariki 2024, na nyimbo zile zile alizozitunga akiwa na miaka 30 zingelindwa hadi 2074. Kwa kuwa alikufa kijana, familia yake ilimpoteza mapema, ikapoteza kazi ambazo angezitunga, na sasa inapunguziwa miaka 45 kwenye zile alizoziacha. Sheria imewatazama watu wanaokufa kwa uzee. Anayefia barabarani akiwa na miaka 34 haikumfikiria, na wanaobeba hasara hiyo ni watoto.

Na miaka hii michache iliyobaki bado haitumiki. Mirabaha, yaani malipo ya watunzi kazi zao zinapotumika, hugawanywa kwa kuangalia nyimbo gani zimepigwa na ni za nani. Kituo kisichoandika jina la wimbo wala la mtunzi kwenye orodha yake hakimsaidii mrithi hata kama kimelipa ada. Kuna redio moja huku niliyoifuata nikauliza kama wana orodha hiyo, wakanionyesha kompyuta yenye mafaili yasiyo na majina, sawa kabisa na yale ya stendi.

Jambo hili linatugusa sisi wa Tabora kuliko tunavyodhani. Mji huu wakati mmoja ulikuwa na bendi za Kiko Kids, Nyanyembe Jazz na Tabora Jazz, na wengi wa watunzi wao wametangulia mbele za haki. Saa ya kila mmoja wao inahesabu.

Kwa hiyo nawaomba wamiliki wa redio za mkoa wetu waanze na hili lisilo na gharama, yaani mtangazaji ataje wimbo, mtunzi na bendi, na aandike kwenye orodha. COSOTA, yaani ofisi ya hakimiliki ya nchi, pamoja na wanaokusanya mirabaha, waje hadi mikoani wakae na watangazaji na hawa vijana wa fleshi, wasingoje tuwafuate Dar es Salaam. Na wabunge wetu waulize bungeni kwa nini miaka 50 isihesabiwe kwa namna nyingine pale mtunzi anapokufa kijana, kwa mfano kwa kuweka idadi ya miaka ya chini kabisa tangu wimbo ulipotoka. Muswada huchukua muda mrefu kuandikwa na kujadiliwa, na 2029 haiko mbali.

Msomaji wenu,
Isevya, Tabora