Njoo ukae dawati la nyuma

Shoga yangu Rehema,

Salamu nyingi. Sisi wazima, alhamdulillahi, na natumaini kikohozi cha mtoto kimekwisha. Najua nimenyamaza tangu matokeo ya mitihani yatoke, hata ukayasikia kwa Bakari badala ya kwangu. Nisamehe. Nilifaulu masomo yote, lakini leseni ya ualimu bado, na ndiyo maana nakuandikia. Nina ombi.

Wiki iliyopita mkufunzi alikuja kunitathmini kwa mara ya kwanza. Andalio la somo tayari, zana nimebandika, azimio la kazi liko mezani. Nilifundisha hesabu za sehemu, robo na theluthi, kwa kukunja karatasi. Niliuliza maswali mengi, watoto wakajibu, nikamaliza kabla ya kengele, nikajua mambo yamekwenda sawa. Somo lilipoisha akanikalisha, akanionyesha karatasi yake. Kwa kila swali nililouliza alikuwa ameandika sekunde nilizongoja kabla ya kumtaja mtoto mwingine au kujibu mwenyewe. Moja. Moja. Moja na nusu. Moja. Ukurasa mzima!

Halafu akaniuliza, "Yule wa dirishani ulimwona?" Sikumwona. Nilipouliza kipi kikubwa kati ya robo na theluthi, mtoto yule alikunjua karatasi yake, akaikunja upya, akavihesabu vipande kwa kidole. Mkono ukaanza kupanda. Ulipofika begani, mimi nilishamtaja yule hodari wa mbele, na mkono ukashuka. Rehema, usiku ule usingizi haukunijia.

Mkufunzi akanieleza kuwa jambo hili lilichunguzwa zamani. Mary Budd Rowe, mtafiti wa Marekani, alirekodi masomo ya sayansi madarasani akapima ukimya wa walimu, na mwaka 1974 akachapisha aliyoyaona: kwa kawaida mwalimu hungoja sekunde moja tu. Walimu walipozoeshwa kungoja tatu au zaidi, majibu ya watoto yalirefuka, waliokuwa wakikaa kimya wakaanza kujibu, na watoto wakazidi kuulizana wenyewe. Tena ukimya ni wa aina mbili: baada ya swali la mwalimu, na baada ya jibu la mtoto. Huo wa pili ndio unaonishinda.

Maana juzi nilijaribu. Niliuliza, nikafunga mdomo, nikahesabu moyoni. Ukiandika, sekunde tatu si kitu. Simama mbele ya darasa zima linalokutazama uone zinavyokokotana. Yule wa dirishani akainua mkono mpaka juu. "Theluthi, kwa sababu robo imegawiwa watu wengi zaidi." Nilitamani kumkumbatia. Nikasema "Vizuri sana!" hapohapo nikarukia swali lingine. Alikuwa bado amefungua mdomo. Alikuwa na neno la kuongeza, na sasa sitalijua.

Bakari ananiambia nisijisumbue, leseni ni karatasi tu, mbona wako wanaofundisha bila hiyo. Tulibishana sana. Nilimwambia tangu mwaka 1966 UNESCO na Shirika la Kazi Duniani walikubaliana kwamba ualimu ni taaluma inayodai ujuzi maalumu na kujifunza bila kukoma. Lakini hoja yangu hasa ni ule mkono. Bila tathmini hii ningefundisha miaka thelathini nikiushusha kila siku, na watu wangenisifu kwamba namaliza mada.

Karatasi nazo zina yake. Cheti cha kuzaliwa kina majina matatu, cha shule mawili, na moja limekosewa herufi, kwa hiyo fomu ya usajili imerudishwa. Nimeambiwa nipeleke hati ya kiapo na nakala zilizothibitishwa upya. Haya, hilo tutaliongea ukija.

Ombi ndilo hili. Tathmini ya pili ni Alhamisi ijayo, na mwalimu mkuu amekubali uje Jumanne ukae dawati la nyuma. Mwalimu wangu mlezi ana mapenzi mno, kila kitu kwake kizuri. Wewe utaniambia kweli. Siwezi kufundisha na kujihesabia sekunde kwa wakati mmoja, hasa zile za baada ya jibu. Na umtazame wa dirishani, lakini asijue.

Utaweza kupata ruhusa kazini? Wewe ulifanyaje hadi ukazoea kungoja, au ulikuwa hivyo tangu mwanzo? Mkufunzi wako alikupa taarifa mapema mara ya pili, au alitokea tu? Yale majina ya mama yako yaliyokosewa, hati ya kiapo ilitosha au walitaka na barua ya shule? Na andalio unaliandika kwa kirefu mpaka leo, au ukishasajiliwa unafupisha?

Somo linaanza saa mbili na nusu asubuhi. Njoo na ile saa yako yenye mshale wa sekunde.

Wako,
Asha