Amri za dharura nazo ziwe na tarehe ya kuisha

Ndugu mhariri, kama umenizidi umri shikamoo, kama hujanizidi basi habari za kazi. Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua maana huku Mbeya mvua zikikaribia sisi tunaokaa chini ya milima tunaanza kuangalia juu, na kila mwaka tunaongelea maafa tu, kile kinachokujaga baada ya maafa hatukiongelei, yaani amri.

Aprili 14, 2024 pale Itezi tope liliporomoka toka mlima Kawetere likafukia nyumba kama 20 na majengo ya shule, tunashukuru Mungu watu walipona. Siku kama hiyo serikali haiwezi kuanza kuitisha mkutano wa hadhara. Mkuu wa wilaya akisema tokeni unatoka, ukibisha ubebwe, mimi hilo naliunga mkono kabisa na wanaosema ni ubabe hawajawahi kusikia mlima unanguruma usiku. Wasiwasi wangu ni baadae, na hapa naongea kwa ujumla sio Itezi, mvua imeisha jua linawaka, amri bado ipo, karatasi hakuna, ukimuuliza mtendaji anasema ni maelekezo toka juu. Juu wapi sasa?

Kinachonishangaza ni kwamba Rais mwenyewe, mkubwa kuliko wote, Katiba imemwekea mipaka. Soma ibara ya 32. Anaweza kutangaza hali ya hatari na sababu mojawapo ni balaa au baa la kimazingira, lakini akitangaza kwa nchi nzima Spika anatakiwa aitishe Bunge kabla ya siku 14 kupita, ikubalike na theluthi mbili ya wabunge wote, na hata wakikubali miezi sita ikifika tangazo limekufa labda Bunge liongeze muda. Haya sasa linganisha na ile amri inayoletwa mtaani na mgambo mwenye kipaza sauti, imeanza lini inaisha lini nani kasaini, hujui.

Na amri isiyo na mwisho huwa inawaangukia wale wachache. Watu wa Mbarali wa rika langu wanakumbuka 2006. Ukame ulikuwa mkali, maji ya bwawa la umeme la Mtera yakashuka, nchi nzima mgao wa umeme, na mto Ruaha Mkuu tayari ulikuwa na miaka zaidi ya kumi unakauka kiangazi. Serikali ikasema tuokoe vyanzo vya maji haraka, sawa, lakini lawama karibu yote ikaenda kwa ng'ombe. Wasukuma, Wamang'ati, Wamaasai wakaambiwa tokeni bonde la Usangu na Ihefu nendeni Lindi na Pwani huko, mtu ana mifugo, ana watoto wako shule, ana mzee hawezi kutembea, anaambiwa haraka. Ng'ombe wakafa njiani, faini zikatozwa, familia nyingine zikatawanyika, malalamiko yakawa makubwa mpaka Rais Kikwete akaunda tume 2007. Sisemi ng'ombe hawakuharibu bonde, waliharibu, tuliona wenyewe. Ila na mpunga nao ulikuwa unakunywa maji yale yale, mifereji kila kona, mbona hatukusikia shamba kubwa la mpunga limepakiwa kwenye lori kupelekwa Lindi? Mpunga una wenyewe bana. Mfugaji alikuwa mgeni, mkutano wa kijiji yeye yuko porini na ng'ombe, nani angemsemea.

Sio sisi tu lakini. Sri Lanka baada ya tsunami ya Desemba 2004 serikali ilikataza watu kujenga karibu na bahari, kusini ikawa mita 100, kaskazini na mashariki ambako Watamil na Waislamu ni wengi ikawa mita 200. Bahari ni hiyo hiyo jamani. Na Japani 1923 tetemeko la Tokyo ukazuka uvumi kwamba Wakorea wanaweka sumu visimani, ikatangazwa sheria ya kijeshi, na maelfu ya Wakorea wakauawa na sungusungu wa mitaani, wanajeshi na polisi nao wakiwemo.

Sasa turudi kwetu. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 imeweka kamati toka taifa mpaka kijiji na mtaa, kitu kizuri, ila nauliza kwenye kamati ya mtaa wako anakaa nani? Mara nyingi ni wenyeji wenye nyumba zao. Mto Kiwira au Mbaka ukifurika kule Kyela listi ya waathirika inaandikwa na watu wanaojuana, mwenye nyumba anaandikwa, mpangaji wa chumba kimoja aliyepoteza godoro na mtaji wa dagaa haonekani popote. Mlemavu wa miguu ataandikwa na nani kama tangazo limetolewa uwanjani na yeye hakufika. Mfugaji aliyehamia juzi ataulizwa wewe ni wa wapi. Na aliyezaliwa karibu na mpaka wa Malawi ataambiwa lete kitambulisho cha NIDA wakati NIDA yenyewe imeenda na maji, alafu bati zinagawiwa na yeye anaangalia!

Mi naona kila amri iandikwe ibandikwe ofisi ya mtaa, ina tarehe ya kuanza na ya kuisha, wakitaka kuongeza muda waje waongeze mbele yetu na sababu waseme. Listi isomwe hadharani kabla msaada haujafika sio baada. Na kwenye hizo kamati awepo mfugaji, mpangaji, mlemavu, sio kualikwa kunywa soda, wawe na kura.

Kwa hiyo mhariri kama mna mwandishi huku Mbeya naomba mumtume akaulize majina ya wajumbe wa kamati za maafa kwenye kata za milimani na kule bondeni, ayachapishe kabla ya Novemba, maana sisi tukienda kuuliza tunaambiwa njoo kesho.

Mpangaji,
Uyole, Mbeya