Shukrani kwa Muuguzi wa Zamu ya Usiku
Ninamshukuru kwa dhati muuguzi ambaye hata jina lake sikuliuliza, aliyekataa baba arudishwe nyumbani usiku ule kwa hoja kwamba mdomo ulikuwa umepinda kidogo tu na kikombe cha chai kilimponyoka. Alama za baba kwenye kipimo cha ukali wa kiharusi zilikuwa 3 tu kati ya 42, yaani kilionekana chepesi, na sisi wenyewe (nakiri) tulitaka kuondoka. Yeye akasisitiza mishipa ya damu ipigwe picha ya CT (eksirei ya kompyuta), nayo ikaonyesha mshipa mkubwa wa ubongo umeziba. Kabla ya alfajiri mkono ulilegea kabisa, lakini kwa kuwa baba alikuwa papo hapo wodini, madaktari waliwahi kulivuta bonge la damu kwa mrija uliopitishwa kwenye mshipa wa pajani. Leo anashika kikombe mwenyewe, ingawa sukari anaikoroga kwa mkono wa kushoto.