Tetesi za simu mpya zisiandikwe kama habari

Ndugu Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako kwa miaka mingi bila kuandika neno, lakini taarifa yenu ya wiki iliyopita, kwamba kampuni moja kubwa ya teknolojia imo mbioni kuingia katika soko la simu za mkononi, siwezi kuinyamazia. Kampuni yenyewe haijatamka lolote. Taarifa nzima iliegemea watu wasiotajwa majina na mchoro wa simu ambayo hakuna aliyeishika, na bado mwandishi wenu alikwisha kuitabiria ushindi.

Mbona hamkutukumbusha yaliyowakuta waliotangulia? Amazon ilileta Fire Phone mwaka 2014 bila duka la programu la Google, ikatangaza hasara ya dola milioni 170, na mwaka uliofuata ikaacha kuiuza. Microsoft ilikamilisha ununuzi wa kitengo cha simu cha Nokia Aprili 2014. Ilipofika Julai 2015 ikatangaza hasara ya dola bilioni 7.6 kutokana na ununuzi huohuo. Fedha walikuwa nazo, na wahandisi pia. Kilichowaangusha ni programu, maana watengenezaji wa programu hawajisumbui na mfumo wenye watumiaji wachache, na wanunuzi nao hawaitaki simu isiyo na programu wanazozitumia kila siku.

Kampuni kama hizo hufuta hasara vitabuni zikaendelea na biashara nyingine, na anayebaki na mzigo ni mnunuzi. Nasema hivyo kwa sababu yamenikuta. Simu niliyonunua ilisifiwa magazetini hata kabla ya kutoka, lakini mtengenezaji alipojitoa sokoni masasisho ya usalama yalikoma, programu ya benki ikakataa kufunguka, na ile ya ujumbe ikafuata. Baadaye betri ilivimba mpaka kioo kikabanduka upande mmoja. Fundi aliipasha moto ili kulainisha gundi, akaifungua, akaniambia kwamba betri ya aina ile haipatikani tena popote. Na hili la kugandisha betri kwa gundi linanikera vilevile, kwani mtu aliyelipia simu yake anapaswa kuweza kubadilisha betri kwa mikono yake mwenyewe, kama tulivyokuwa tukifanya zamani.

Katika Umoja wa Ulaya, kanuni zilizoanza kutumika Juni 20, 2025 zinadai masasisho kwa angalau miaka 5, na vipuri kwa miaka 7, tangu aina ya simu iache kuuzwa. Hayo ndiyo ya kumuuliza kila anayetaka kuingia sokoni.

Kwa hiyo naomba kila tetesi ya namna hii iambatane na kisanduku chenye majibu matatu: nani amesema, kwa jina lake, masasisho yameahidiwa kwa miaka mingapi, na vipuri vitapatikana wapi. Majibu hayo yakikosekana, taarifa isichapishwe hadi kampuni itakapoionyesha simu yake hadharani.

Msomaji wenu wa siku nyingi