Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Kuhesabu Uhalifu Shuleni

Ndugu wanachama,

Kwa mujibu wa katiba yetu, nawasilisha kwenu taarifa ya kazi za chama kwa mwaka unaomalizika. Masuala ya fedha yamo katika taarifa ya mhazini, nami sitayarudia. Sehemu kubwa ya mwaka tuliitumia kuchunguza namna shule zinavyopima uhalifu na usalama wa wanafunzi.

Tulianza na daftari la matukio. Katika shule moja nilikuta ukurasa ambamo mwalimu wa zamu alikuwa ameandika "wamegombana, wameonywa", bila kusema walikuwa wangapi wala kama kuna aliyeumia. Mistari miwili chini yake, simu ambayo mwanafunzi alinyang'anywa mkononi ilikuwa imeandikwa kuwa "imepotea". Atakayejumlisha ukurasa ule hatapata unyang'anyi hata mmoja. Shule nyingine, ambayo mwalimu wake wa nidhamu huandika hata kusukumana kwenye foleni, ingeonekana katika jedwali kuwa ya hatari zaidi, ilhali ndiyo niliyoiona tulivu kuliko zote. Kwa sababu hiyo kamati ya utendaji ilikataa pendekezo la kuzipanga shule kwa idadi ya matukio, pendekezo ambalo, nakiri, mwanzoni nililiunga mkono.

Marekani hutumia njia mbili kwa pamoja. Tangu 1989, kupitia nyongeza ya utafiti wa kitaifa wa waathirika wa uhalifu, wanafunzi wa umri wa miaka 12 hadi 18 huulizwa wenyewe yaliyowapata. Na tangu mwaka wa masomo wa 1999–2000, walimu wakuu nao hujaza dodoso lao. Hesabu hizo mbili hazipimi kitu kimoja. Dodoso la wanafunzi huhesabu pia yanayotokea njiani kwenda na kurudi shuleni, ilhali mwalimu mkuu huulizwa kuhusu majengo, viwanja, mabasi ya shule na mahali panapofanyika shughuli za shule, hivyo mtoto anayeporwa akitembea kurudi nyumbani yumo katika hesabu moja na hayumo katika nyingine. UNESCO nayo, katika ripoti yake ya 2019 iliyotegemea majibu ya wanafunzi wa nchi nyingi, ilionyesha kwamba karibu mmoja kati ya watatu alikuwa ameonewa na wenzake katika mwezi uliotangulia. Sidhani kama daftari la ofisini lingeweza kuonyesha kiasi hicho.

Dodoso letu la kwanza liliharibika, na kosa ni letu. Tuliwaachia walimu wa madarasa wakusanye karatasi, na nilimwona mmoja wao akizifunua moja moja wakati wanafunzi bado wameketi. Katika awamu ya pili kila mwanafunzi aliweka alama ya vema badala ya kuandika, mwandiko wake usimtambulishe, kisha akatumbukiza karatasi yake mwenyewe katika sanduku lililofungwa. Aidha, badala ya kuuliza "umewahi kuibiwa?", tuliuliza yaliyotokea tangu shule ilipofunguliwa, kwa kuwa watoto huyaingiza ya mwaka jana katika muhula huu bila kukusudia.

Yapo mawili ambayo mkutano mkuu utayaamua. La kwanza ni jepesi: ugomvi wa wanafunzi watano ni tukio moja au matano? Naelekea kupendekeza tuandike idadi ya matukio na idadi ya wahusika, kila moja katika safu yake.

La pili limetusumbua sana. Pembeni mwa karatasi mojawapo, mtoto aliandika kwamba anaogopa kurudi bwenini usiku. Karatasi haikuwa na jina, na kwa kuwa tuliahidi usiri, hatukumtafuta. Tulichoweza ni kuomba uongozi wa shule uongeze ulinzi wa mabweni yote. Kamati inapendekeza kila dodoso liambatane na kipande cha karatasi kinachochanika, ambacho mwanafunzi anayetaka msaada atakijaza jina lake kwa hiari na kukiweka katika sanduku la pili, ambalo ufunguo wake atakuwa nao mshauri nasaha peke yake.

Mwenyekiti